Kuona na Kusema Umeona

Ukimwuliza mtu kama ameona kitu fulani, hukujibu upesi kuwa amekiona. Ukimwuliza tena amekionaje, aghalabu husita. Swali la kwanza hulijibu jicho, na la pili huijaribu dhamiri. Msomaji wangu, nataka tulifikiri swali hili la pili pamoja, na njia nitakayoishika ni ya chombo kimoja ambacho pengine umekiona kikining'inia shingoni mwa waongozao watalii: darubini ya macho mawili. Sisemi juu ya darubini yoyote. Nasema juu ya ile ya siku hizi ambayo mshikaji akibonyeza kitufe taswira hutulia, ijapokuwa mkono wake watetemeka.

Hapana mkono usiotetemeka. Moyo hupiga, kifua hupanda na kushuka, misuli huchoka kwa kushika. Na mtikisiko ambao kwa macho matupu hauonekani, darubini huukuza pamoja na ndege. Darubini ya kukuza mara 8 huukuza mtikisiko mara 8. Ya kukuza mara 10 huukuza mara 10, na hapo ndipo watu wengi hufika kikomo cha mikono yao. Ukiichukua ya mara 12 au 15, ukaishika bila ya egemeo, utamwona ndege akirukaruka ndani ya kioo kama aliyesimama juu ya ngoma inayopigwa, wala hutaweza kusema kama mdomo wake ni mrefu au ni mfupi.

Taabu hii ni ya zamani. Mwezi wa Januari mwaka 1610 Galileo Galilei, mtaalamu wa Italia aliyeielekeza darubini mbinguni akaona miezi ya sayari ya Mshtarii, aliandika barua akashauri kuwa chombo hicho kishikizwe mahali imara, kwa sababu mapigo ya mishipa na pumzi ya mtu huutikisa mkono. Kwa karne nyingi baada yake dawa ilibaki ile ile: kuegemea mti, kuketi na kuweka viwiko juu ya magoti, au kuifunga darubini juu ya miguu mitatu. Mwaka 1990 kampuni ya Zeiss ya Ujerumani ilitoa darubini ya kukuza mara 20 ambayo vioo vyake vya ndani vilining'inizwa kwa namna ya kubaki vimetulia wakati mwili wa chombo unapotikisika, bila ya betri yoyote. Mwaka 1995 kampuni ya Canon ya Japani ilitoa ya kukuza mara 12 yenye njia nyingine. Ndani yake mna vipimo vidogo vinavyohisi kila mtikisiko, na vioo viwili bapa vyenye majimaji mazito baina yake. Mkono ukiinamia huku, vioo hivyo huinama kiasi kile kile cha kuirudisha nuru mahali pake, mara nyingi sana katika kila nukta ya wakati. Kwa mtazamaji ni kama mashua iliyokuwa ikiyumba ikatia nanga. Chombo ni kizito, bei yake ni kubwa, na betri yake ina tabia ya kufa wakati ndege wa thamani ametua. Lakini hufanya kazi yake.

Wapo watazamaji wa ndege wasiokipenda. Husema kuwa utulivu ni elimu: mtu hujifunza kuizuia pumzi, kukaza viwiko mbavuni, na kungoja upepo upite, na anayeununua utulivu dukani amepata kwa fedha jambo ambalo wenzake walilipata kwa subira. Hoja hii si ya kudharauliwa, kwa kuwa subira humfundisha mtu mambo ambayo kitufe hakiwezi kumfundisha. Walakini ndani yake limejificha kosa. Inachanganya jasho la kutafuta na kitu kinachotafutwa. Kama shabaha ya mtazamaji ni kuonyesha ustadi wa mikono yake, chombo kimemnyang'anya mchezo wake, naye ana haki ya kununa. Kama shabaha yake ni kumjua ndege, mtikisiko ni kizuizi tu, na kuondoa kizuizi si aibu. Hatumwambii mwenye miwani kuwa hakukisoma kitabu.

Tena tukumbuke elimu hii ilikotoka. John James Audubon, mchoraji mashuhuri wa ndege wa Marekani aliyefariki mwaka 1851, alikuwa akiwapiga risasi ndege, kisha akiwasimamisha kwa nyaya ili awachore. Desturi ya zama zake ilikuwa hiyo, kwa kuwa ndege aliye hai na aliye mbali hakuweza kuchunguzwa vyema. Ndege mwenye kutiliwa shaka aliuawa ili shaka iishe. Kadiri darubini ilivyoboreka, ndivyo haja ya bunduki ilivyopungua. Mtu anayejivunia ugumu wa njia za kale na ajiulize gharama yake ililipwa na nani.

Hata mahali pasipo na bunduki, ndege hulipa. Karibu na Watamu, katika pwani yetu ya Kilifi, iko Hori ya Mida. Maji yakipwa, matope na mchanga hufunuka mbele ya mikoko, na ndege wa pwani hushuka kwa mamia kutafuta chakula. Wengi wao ni wageni waliozaliwa Asia, ambao huja kukaa kwetu mpaka karibu na mwezi wa Aprili. Yuko ndege mweupe na mweusi alaye kaa, ambaye hutaga katika mashimo ya mchanga kwenye fukwe za Oman na nchi nyingine za upande ule. Wako vitwitwi watokao nyanda na milima ya Asia ya kati. Kabla ya kuondoka hawana budi kula mpaka wawe na mafuta ya kutosha safari ya maelfu ya kilomita. Mtu akiwasogelea ili awaone vizuri, huruka. Na kila kuruka ni sehemu ya akiba iliyopotea. Kwa hiyo anayeweza kuona vyema akiwa mbali amewaachia ndege haki yao ya kula. Wahenga walisema macho hayana pazia, lakini miguu yaweza kuzuiwa.

Hapo Mida ndipo nilipojifunza jambo lililonifanya niandike insha hii.

Ilikuwa asubuhi ya Januari, siku ya kuhesabu ndege wa majini. Miongoni mwetu alikuwamo mwalimu mmoja aliyestaafu, ambaye wengi wetu tulijifunza ndege kwake. Alikuwa hakuonekana kwa miaka miwili, kwa sababu mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka kwa uzee, naye hakutaka kutaja ndege asiyemwona sawasawa. Mwaka huo alirudi, na kifuani mwake mlikuwa na darubini ya kutuliza taswira aliyoletewa na binti yake. Nilimwamkia, akaniitikia kwa furaha. Lakini moyoni nilimcheka kidogo. Nilikuwa na darubini ya kawaida ya kukuza mara 10, na mikono ya kijana.

Katika Hori ya Mida wako vitwitwi wa mchanga wa aina mbili, mmoja mkubwa kidogo na mwingine mdogo kidogo. Mwezi wa Januari wote wawili wana mgongo wa rangi ya udongo na tumbo jeupe. Hutambulikana hasa kwa mdomo, ambao wa mkubwa ni mrefu na mnene, na wa mdogo ni mfupi. Nilimwona mmoja amejitenga. Upepo ulikuwa ukivuma na taswira ikicheza, lakini niliinua sauti nikasema, "Mkubwa, mmoja." Dada aliyeshika daftari aliandika.

Mwalimu alinipa darubini yake. "Bonyeza kitufe hapo juu, mwanangu, umtazame tena yule wako."

Nilibonyeza. Ndege alisimama. Mdomo wake ulikuwa mfupi, tena mfupi bila ya shaka yoyote. Kisha aliruka akavuka maji, na hapakuwa na mtu mwingine aliyekuwa akimtazama.

Nilimrudishia darubini nikamwambia, "Nzuri sana, Mwalimu." Sikusema zaidi.

Sasa fikiri nami, msomaji. Dakika tano kabla ya hapo nilikuwa nimekosea, lakini nilikuwa na udhuru: upepo, umbali, mkono. Mtu anaweza kukosea kwa macho bila ya kukosea kwa moyo, ingawa hata wakati ule nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyoona. Baada ya kubonyeza kitufe udhuru uliondoka. Chombo hakikunifanya mkweli; kiliniondolea mahali pa kujificha tu. Mstari mmoja katika daftari ni kitu kidogo, lakini kwa madaftari ya namna hiyo watu hujua kama ndege fulani wapungua, na kama hori fulani yastahili kulindwa. Anayeyasoma baada ya miaka 20 hawezi kurudi Mida kumtazama ndege wangu. Ana neno langu tu.

Haya yote sikuyafikiri wakati ule. Wakati ule nilikuwa nikitafuta sababu za kunyamaza, na nilizipata nyingi: ndege ni mmoja tu, vijana waliosimama karibu wangenicheka, na pengine mwalimu mwenyewe hakumtazama vizuri.

Jua lilipanda. Ng'ambo ya mkondo wa maji walikuwa wamesimama vitwitwi watatu, mbali sana, na hewa iliyo juu ya mchanga ilikuwa imeanza kuchemka kwa joto. Dada wa daftari alimwuliza mwalimu ni wa aina gani. Mwalimu aliinua darubini yake, akabonyeza kitufe, akatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotazamia. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka, nasi sote tuliiona. Lakini tulijua kuwa ndani ya kioo hapana kilichotikisika isipokuwa hewa, na hewa hakuna chombo kinachoituliza. Huyu ndiye mtu aliyeweza kutaja jina lolote na sisi sote tukaliamini.

"Siwajui," alisema. "Andika vitwitwi watatu, aina haikutambulikana."

Dada aliandika. Nilisimama pale kidogo nikiitazama kalamu yake. Kisha nilimwendea nikamwomba arudi nyuma ukurasa mmoja, kwenye mstari wa yule mkubwa. Aliniuliza una nini. Nilimwambia kuwa hakuwa mkubwa, kwamba nilimwona vizuri baadaye, na kwamba nilijua tangu wakati ule. Aliukata mstari, akaandika "mdogo, 1" pembeni, akatia saa. Mwalimu alikuwa amekwisha kuinua darubini yake, akiwatazama ndege wengine upande wa mikoko.