Ngoma Ikivuma Sana Hupasuka

Kabla ngoma haijaanza, mpigaji huwasha moto wa makuti kando ya uwanja na kuuelekeza uso wa ngoma kwenye joto. Ngozi iliyolegezwa na unyevu huanza kukaza. Huigonga kwa ncha za vidole, akatega sikio, akaizungusha, akagonga tena. Ikishatoa mlio anaoutaka huiondoa upesi, kwa kuwa moto uleule ulioipa ngozi sauti ndio utakaoichana ikisahaulika hapo.

Maana ya nje ya methali yetu ni hiyo: ngozi ina kikomo. Maana ya ndani huwa tunaipeleka kwenye kila jambo lililopita kiasi. Watoto wakirukaruka na kucheka bila kituo, bibi huwaambia ngoma ikivuma sana hupasuka, na haupiti muda mmoja wao analia. Mimi naipeleka pia kazini, hasa kwa wanaoishi kwa kubuni: waandishi, wanamuziki, wachoraji, watayarishaji wa vipindi. Kuvuma ndiyo kazi ya ngoma, wala wahenga hawakuikataza. Onyo lote limebebwa na neno moja dogo: sana.

Nimelijua onyo hilo kwa ngozi yangu. Kwa miaka miwili niliandika mchezo wa redio uliorushwa kila siku ya kazi. Wasikilizaji waliupenda, nami nikaacha kulala. Kahawa ikawa chakula. Mwanangu akiniuliza tu, "Baba, utakula saa ngapi?" namfokea. Usiku mmoja nilijikuta nimemwandikia maneno mhusika niliyekuwa nimemzika vipindi vitatu nyuma. Nililiona kosa, na sikujali. Kutojali huko ndiko kulikonitisha, maana kazi ile niliipenda kuliko nyingine yoyote.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba uchovu wa namna hii hutokana na msongo wa kazini wa muda mrefu ambao haukudhibitiwa. Huonekana kwa dalili tatu: mtu kuishiwa nguvu, moyo kujitenga na kazi au kuibeza, na ufanisi kushuka. Mapema zaidi, mwaka 1974, mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliandika kuhusu hali hiyo baada ya kuiona kwa watu waliokuwa wakihudumia wagonjwa katika kliniki ya bure jijini New York. Walikuwa watu wa kujitoa. Anayepasuka ni yule aliyevuma.

Tena, ngoma haijipigi. Mtu akianguka kazini tunasema hakujua kupumzika, tukamsahau aliyeshika mkwiro. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Hiyo ndiyo mipaka ya mkwiro, na bosi anayetuma kazi saa 5 usiku akingoja ijibiwe usiku huohuo ameikanyaga. Msanii aliyejiajiri yuko pagumu zaidi: mkwiro kaushika mwenyewe, na makofi ya watu yanamhimiza apige tu. Huyo hana budi kujitungia sheria, akaitii.

Kuna atakayenijibu kwa methali nyingine: mchumia juani hulia kivulini. Naikubali, ila tuisome hadi mwisho. Tumelishika jua tukakisahau kivuli, na wahenga hawakumwahidi mchumaji jua jingine.

Kivuli changu kilikuwa kidogo. Niliomba mwandishi wa pili tupokezane zamu. Simu ikawa inalala sebuleni. Jumapili sikushika kalamu. Ilipita miezi kabla sijawasikia tena wahusika wangu wakizungumza kichwani, na niliposikia wawili wakigombana asubuhi moja nikiwa naoga, nilimshukuru Mungu.

Tangu hapo, kila jioni najigonga kwa vidole kama yule mpigaji. Nimelala vya kutosha? Nimecheka na wanangu? Kesho naitamani? Mlio ukibadilika, naondoka motoni.