Utamu wa Kutajwa Jina



Tulialikwa Awendo, katika kaunti ya Migori, kuhudhuria harambee ya kuezeka madrasa. Waislamu wa huko ni wachache, nao waishi kati ya mashamba ya miwa yanayolisha kiwanda cha sukari cha Sony, ambacho kampuni yake iliasisiwa mwaka 1976. Mwenye kipaza sauti akawa asoma: fulani, shilingi elfu, fulani, elfu mbili, na kila jina likifuatwa na takbiri. Mimi nilikuwa nimetia mia tano katika bahasha. Nilipoona zamu yangu yakaribia, nikaingiza mkono mfukoni nikaongeza elfu moja na mia tano. Jina likatajwa, takbiri ikapigwa, na Mwenyezi Mungu ajua nilivyoionja ladha ile. Usiku nikajiuliza: zile mia tano nilizitoa kwa ajili ya Mungu, je, hizi nyingine nilimpa nani?

Katika mwaka 2008 wataalamu wa Kijapani, Izuma na wenziwe, walichapisha khabari ya uchunguzi wao. Waliwalaza watu ndani ya mtambo wa sumaku uonyeshao mahali damu inapozidi katika ubongo. Mara waliwachezesha karata za kupata fedha; mara waliwaonyesha maneno ya sifa yaliyosemekana kutolewa na watu wasiowajua. Ikadhihirika kuwa sehemu moja ndani kabisa ya ubongo, iitwayo striatamu, iliamka kwa fedha na ikaamka kwa sifa vilevile. Na mwaka 2010 wakatoa uchunguzi mwingine, wa sadaka. Watu walitoa zaidi walipotazamwa. Na sehemu ile ilizidi kuamka katika hali mbili khasa: mtu atoapo huku akitazamwa, na azuiapo mali yake pasipo wa kumwona. Basi jipimeni wenyewe, ndugu zangu.

Mwenye kusoma vitabu vyetu hatastaajabu sana. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijria (1111), katika Ihya aliweka kitabu kizima cha kulaumu jaha na riya. Humo amebainisha kuwa mwenye mali amemiliki vitu, na mwenye jaha amemiliki nyoyo za watu; na mwenye kumiliki nyoyo hupata kwazo yale ambayo mwingine huyanunua kwa fedha. Kwa hiyo nafsi huvipenda vyote viwili kwa pendo moja. Imamu hakuwa na sumaku. Alikuwa na nafsi yake, akaikagua bila kuihurumia.

Lakini tusiharakishe kuuharamisha utamu huu. Mola ndiye aliyetuumba nao, na mtu asiyejali kabisa watu wamwonaje huwa ni balaa kwa jirani zake. Sadaka ya dhahiri nayo imesifiwa katika Suratul-Baqara, ingawa ya siri imefadhilishwa. Na walipokuja kwa Mtume, sala na amani zimshukie, wale watu wa Mudhar wakiwa hohehahe, Ansari mmoja alileta mbele ya wote mfuko mzito uliokaribia kumshinda mkono. Wengine wakamfuata, na uso wa Mtume ukang'aa kwa furaha. Tofauti ya yule Ansari na mimi mtambo hauwezi kuionyesha, kwani huonyesha damu, hauonyeshi niya. Tena maulamaa wametuonya kuwa kuacha kheri kwa kuogopa macho ya watu nako ni mlango wa riya.

Msomaji aweza kuuliza: na kuungama huku ndani ya karatasi, je, si kutafuta sifa ya unyenyekevu? Swali ni la haki. Nimelilaza siku tatu, na bado sina jibu la kulitegemea.

Asubuhi wazee wa madrasa walinitaka shauri: tuondoe kusoma majina? Mabati bado hayajatosha, wakasema, na pasipo kipaza sauti mifuko hufunga. Sikuthubutu kuwaambia waondoe, maana watoto wao ndio wanaonyeshewa na mvua. Niliwaambia waweke pia sanduku mlangoni, lenye kufuli, lisilokuwa na daftari. Safari ijayo, inshallah, bahasha yangu itaingia humo kabla sijakaa kitako.