Ubora wa Kunyoa na Haki ya Ngozi

Siku ya 10 ya Dhulhija, huko Mina, haji mwanamume akishatupa vijiwe kwenye Jamratul Akaba hunyoa kichwa au hupunguza nywele. Kunyoa ndiko bora, kwani hadithi mashuhuri inaeleza kwamba Mtume aliwaombea dua walionyoa zaidi ya mara moja ndipo akawataja waliopunguza. Je, ubora huo hupimwa kwa ulaini wa kichwa? Wapo wanaotenda kana kwamba ndivyo: wembe hupita na kurudi mpaka utosi ung'ae, na jioni ngozi inawaka moto.

Fikihi haikudai hayo. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, nywele tatu zikiondolewa wajibu umetimia. Kunyoa zote ni ukamilifu. Zinazohesabiwa ni nywele. Tena Sura ya Al-Baqara, aya ya 196, inamruhusu mwenye maradhi au adha kichwani anyoe hata kabla ya wakati, kwa fidia ya kufunga, sadaka au kuchinja. Sheria iliyojali chawa wa sahaba Ka'b bin Ujra, ambaye aya hiyo iliteremka kwa ajili yake, haiwezi kuhesabu vipele vya wembe kuwa uchamungu.

Basi namna ya kunyoa nayo ina uzito. Unywele mkavu ni mgumu. Ukilowa maji ya uvuguvugu kwa dakika mbili tatu hulainika na kukatika bila kuvutwa. Kisha hupakwa sabuni ili wembe uteleze. Hapo haji ana mtihani wake: yungali katika ihramu na manukato ni haramu kwake, kwa hiyo sabuni iwe isiyotiwa manukato. Wembe uwe mpya, kwani butu hukwaruza, na uliomnyoa mwingine huweza kuambukiza homa ya ini. Sunna ni kuanza upande wa kulia. Ngozi nayo inataka wembe ufuate nywele zinakolala, tena kwa mkono mwepesi. Mambo hayo mawili hayagongani. Kunyoa kinyume huacha ncha kali chini ya usawa wa ngozi, na nywele za kipilipili zikiota hujikunja na kuichoma kutoka ndani. Vipele vingi vya ndevu huanzia hapo.

Pingamizi lipo: mwenye kipara kitupu, Washafi humpendekezea apitishe wembe kichwani ingawa hakuna cha kukata. Je, si ngozi hiyo inayoguswa? Inaguswa, lakini kwa kuwaiga wanyoao, wala si wajibu. Na wembe usiokata kitu hauhitaji kukandamizwa. Mwenye vidonda kichwani hupunguza tu, na hija yake ni sahihi.