Ushahidi wa Sebuleni

Ukirudi kutoka ng'ambo, Nairobi inakuuliza swali moja tu: kukoje huko? Hakuna anayetaka jibu refu. Unatakiwa useme ni poa au si poa, watu ni wazuri au wana madharau, halafu utoe simu uonyeshe picha. Tangu nirudi kutoka Muscat, nilikokaa siku tisa za likizo, nimeulizwa hivyo mara nyingi sana, na swali lenyewe limekuwa gumu kadiri ninavyolijibu.

Niseme kwanza niliyoyaona, maana ni mazuri na sitaki kuyanyima haki yake. Muscat ni jiji la majumba meupe, mengi mafupi, yaliyobanwa kati ya milima ya mawe na bahari. Ukisogea kwenye kivuko, magari yanasimama. Mtu aliyezoea kuvuka Jogoo Road kwa maombi anahitaji siku mbili hivi kuamini. Kwenye soko la Mutrah moshi wa ubani unakufuata mpaka kwa nguo, na jioni utarudi hotelini ukinukia kama umetoka harusini. Wanaume wamevaa kofia za kudarizi ambazo ukiziona Lamu hutageuza shingo. Kahawa ina iliki, inaletwa kwa kikombe kidogo kisicho na mkono, na utaongezewa mpaka ukitikise kikombe kuonyesha umetosheka. Mishkaki inaitwa mishkaki.

Halafu kuna Kiswahili. Historia yake inajulikana: Seyyid Said alihamishia makao yake Unguja katika karne ya 19, baada ya mapinduzi ya Januari 1964 watu wengi wenye asili ya Oman waliikimbia Zanzibar, na Sultan Qaboos alipochukua madaraka mwaka wa 1970 aliwaita Waomani waliotawanyika warudi kujenga nchi. Walirudi na lugha yao. Lakini kusoma ni kusoma tu. Kumsikia mzee wa kanzu nyeupe, kwenye foleni ya mkate, akimwambia mwenzake "hebu ngoja kidogo bwana" ni kitu kingine kabisa. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Rafiki yangu wa Mombasa alinipa namba ya shangazi yake, mama aliyezaliwa Unguja na ambaye sasa ana wajukuu Muscat, nami nikaalikwa chakula cha Ijumaa. Nilimpa shikamoo, neno ambalo sisi wa Nairobi huliacha shuleni pamoja na sare. "Marahaba, mwanangu. Karibu ndani, hapa kwenu." Tulikaa chini kwenye zulia. Kulikuwa na tende, halwa, kisha biriani. Alinisimulia mtaa aliokulia kule Ng'ambo, Unguja, na sauti ikampotea kidogo alipofika 1964. Ukarimu wake haukuwa wa maonyesho. Alinilazimisha nile kama vile nyanyangu angenilazimisha, na kwa vitisho vilevile.

Biriani hiyo ilipikwa na msichana wa Webuye.

Nilikutana naye nilipobeba sahani kuzipeleka jikoni, mama akinikemea kwamba mgeni hafanyi hivyo. Msichana alinisikia nikiongea, akaniuliza kwa haraka, "Dada, umetoka wapi kabisa?" Nikamwambia Umoja. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na mwaka mmoja na miezi miwili katika nyumba hiyo. Mshahara unafika kila mwezi, akasema. Simu anayo. Chakula anakula. Hajawahi kupigwa. Aliyataja hayo moja baada ya jingine kabla sijamuuliza lolote. Halafu yeye akauliza.

"Unarudi lini?"

"Jumapili."

"Wewe ndio umeamua Jumapili?"

Nikamwambia ndiyo. Akauliza kama pasipoti yangu ninayo mimi. Ilikuwa mkobani, nikamwonyesha. Yake iko kwa kabati ya mwenye nyumba, akasema, "imewekwa vizuri tu." Mama akaita chai.

Sasa, kukoje huko?

Najua jibu la kistaarabu: kila mahali kuna mazuri na mabaya yake. Silipendi. Linaviweka vitu viwili kwenye mizani kana kwamba viliokotwa sehemu tofauti, na havikuokotwa. Saa tatu nilizopata za kusikiliza habari za Unguja zilikuwepo kwa sababu kuna mtu mwingine aliyekuwa akikaanga vitunguu. Wema wa sebuleni ulikuwa wa kweli, na ulikuwa umepikwa jikoni. Ukivipima kama viwili, hiki huku na kile kule, umeshadanganya hata kabla ya kutaja uzito.

Jibu la pili ni la wasafiri wengi wa mtandaoni: mimi nasema tu nilichokiona. Hili linaonekana la unyenyekevu, na hapo ndipo linaponikera. Mtalii haoni tu, anaonyeshwa. Barabara, hoteli, soko, hata saa za kufungua makumbusho, vyote vimepangwa vimtazame yeye. Isitoshe, kuna kitu kimoja anachokuwa nacho kila saa ya safari bila kukihisi, kama afya: uwezo wa kuondoka. Hata nikikwazika, kukwazika kwangu kuna tarehe ya mwisho iliyochapishwa kwenye tiketi. Ni vigumu kuiona nchi vibaya ukiwa na tiketi ya kurudi.

Yule dada wa Webuye alilijua hili kuliko mimi, ndiyo maana hakuuliza nalipwa ngapi Nairobi wala hoteli ni pesa ngapi. Aliuliza nani ameamua Jumapili. Chini ya mfumo wa kafala, kibali chake cha kukaa nchini kimefungwa kwa mwajiri wake. Akitoka bila ridhaa anahesabiwa mtoro. Oman imelegeza mambo kiasi. Tangu 2021 mfanyakazi mgeni aliyemaliza mkataba anaweza kuhamia kwa mwajiri mwingine bila barua ya ruhusa kutoka kwa yule wa kwanza. Lakini sheria ya kazi ya 2023 iliwaweka wafanyakazi wa nyumbani kando. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa 2011, unasema mfanyakazi wa nyumbani ana haki ya kukaa na hati zake za safari mwenyewe. Pasipoti iliyowekwa vizuri tu bado haiko naye. Na mtu mwema anaweza kuiweka. Hili ndilo linalonisumbua zaidi kuliko zile video za kutisha tunazotumiana WhatsApp: mama yule si katili, na hakuhitaji kuwa katili.

Kuna watakaosema basi usingeenda. Sawa, lakini kutokwenda kwangu kungempunguzia nani kazi? Na nikianza kususia kila nyumba ambayo sebule yake inategemea jikoni lisiloonekana, nitalala wapi hapa Nairobi? Mgeni akikaa wiki moja Kilimani atarudi kwao akisema Wakenya ni wakarimu mno, na atakuwa amesema kweli, na chai aliyokunywa itakuwa imechemshwa na mboch aliyeamka saa kumi na moja. Kima cha chini cha mshahara wa kazi hiyo jijini, tangu Novemba 2024, ni zaidi ya shilingi 16,000 kwa mwezi. Ulizeni kwenye ploti zenu ni wangapi wanalipa hiyo. Tofauti iliyopo ni kwamba wa Kilimani akichoka anaweza kufunga nguo zake na kupanda basi la Bungoma usiku huohuo. Akiwa na nauli, lakini. Bila nauli, tofauti hiyo inaanza kukonda.

Msafiri wa kale ninayemfikiria sana katika haya ni Ibn Battuta, aliyepita pwani yetu mnamo 1331 hivi, Mombasa kisha Kilwa, na kutoka Kilwa akapanda chombo hadi Dhofar, iliyo Oman ya leo. Alimsifu sana Sultani wa Kilwa kwa ukarimu. Hata lakabu ya mtawala huyo ilihusu kutoa zawadi. Katika masimulizi hayohayo anaeleza kwamba Sultani huyo alikuwa akivamia watu wa bara na kuteka nyara. Yeye haoni kwamba mambo hayo mawili yanagongana. Msomaji wa leo anauliza mara moja zile zawadi zilitoka wapi. Lakini mpeni heshima yake mzee: aliandika yote mawili. Alikuwa mgeni wa heshima, alikaa sebuleni, na bado alituachia vya kutosha kumhoji mwenyeji wake karibu miaka 700 baadaye. Wengi wetu tuna kamera mbili kwenye simu moja na hatujafika hapo.

Kwa hiyo ninachofikiri ni hiki. Msafiri hadaiwi hukumu. Siku tisa hazitoshi kuhukumu hata mkahawa. Anachodaiwa ni kutaja alikuwa ameketi wapi. Aseme: niliona hili nikiwa mgeni, mwenye pasipoti mkononi, katika nyumba ambayo mlango wa jikoni ulifunguka kwa dakika nne. Mengine anayesikiliza ataweza kujipimia. Ukiacha hilo nje, hujasema uongo hata mmoja, ila umempa mtu ramani isiyo na alama ya "uko hapa".

Na si jambo la kufikiriwa tu juu ya kahawa. Binamu yangu wa Kitengela, miaka ishirini na mbili, cheti cha ususi na hakuna saluni inayoajiri, amepata ajenti. Nchi ni hiyohiyo. Mama yake, shangazi yangu, alinipigia simu: "Mwanangu, wewe umepaona kwa macho yako. Si ni pazuri?" Picha zangu alikuwa ameshaziona. Alikuwa ameshawaonyesha majirani.

Nilimwambia ni pazuri, kwa sababu ni pazuri. Kisha nikaenda Kitengela Jumamosi nikakaa na binamu yangu kitandani, nikamweleza habari za jikoni, maneno kwa maneno, pamoja na mshahara unaofika kila mwezi, kwa sababu hilo pia ni kweli na yeye ana haki ya kulisikia kutoka kwangu badala ya ajenti peke yake. Tulitafuta jina la ajenti kwenye orodha ya waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Tukaandika namba ya ubalozi wetu kule Muscat kwenye daftari, si kwenye simu tu, maana simu huchukuliwa. Aliniuliza kama ningekuwa yeye ningeenda. Nikamwambia siwezi kuwa yeye, nina kazi. Hakulipenda jibu hilo, na sikumlaumu.

Ajenti anasema safari ni mwezi ujao. Pasipoti yake bado iko Kitengela, ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya godoro la mama yake.