Huru na Bure

Vijana wetu wengi siku hizi wanajifunza Kiingereza, na upesi wanakutana na neno dogo « free ». Mwalimu akiulizwa maana yake anajibu: huru. Kesho yake kijana analiona neno lile lile juu ya sabuni dukani. Kumbe maana yake ni kwamba ukinunua vipande viwili, cha tatu unapewa bure. Kiti kisichokaliwa na mtu ni « free ». Mtu mwenye nafasi ni « free ». Hata kinywaji kisichotiwa sukari kinaitwa hivyo, kama kwamba sukari ilikuwa bwana mkali aliyekitesa!

Sisi tunatenga: huru ni huru, bure ni bure. Wafaransa nao wana libre na gratuit. Lakini Waingereza wanasumbuka. Katika miaka ya 1980 Richard Stallman, mtu wa Marekani, alianza kueneza programu za kompyuta ambazo kila mtu anaweza kuzichunguza, kuzigeuza na kuwapa wenzake. Aliziita « free », na watu wakadhani anasema habari za bei. Ilimpasa kueleza mara nyingi kwamba anasema habari za uhuru. Na wenzake wengine wakaazima neno libre kwa Wafaransa.

Je, uhuru na bure ni ndugu kweli? Tutazame jambo moja. Mwaka 1833 Waingereza walitoa sheria ya kukomesha utumwa katika sehemu kubwa ya makoloni yao. Serikali ilitoa pauni milioni 20, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Walipewa nani? Mabwana, kwa sababu wamepoteza « mali » yao. Watumwa hawakupewa hata senti moja, tena wengi wao walilazimishwa kuendelea kuwatumikia mabwana wale wale mpaka mwaka 1838. Waliitwa huru, lakini hawakuupata uhuru bure. Waliulipa kwa jasho.

Hata hivyo neno lenyewe lina asili nzuri. Wenye kuchunguza lugha wanasema shina lake ni moja na neno la Kiingereza la rafiki, na kwamba zamani shina hilo lilikuwa na maana ya kupenda. Wapendwa wa nyumba, ndio waliokuwa huru. Mtumwa hakuhesabiwa kati yao. Na gratuit ya Kifaransa imetoka katika neno la Kilatini gratia, ambalo sisi katika katekisimu tunaliita neema. Basi huru na bure wanakutana hapo: mtu anapendwa, kwa hiyo anapewa. Lakini aliyempa ametoa kitu.

Sisi tuna neno muungwana. Kwanza ni mtu asiye mtumwa, kisha ni mtu mwenye adabu. Katika karne ya 19 watu waliofika Maniema pamoja na wafanya biashara kama Tippu Tip waliitwa Wangwana, na Kiswahili chao Kingwana. Wengi wao walikuwa watumwa au wana wa watumwa, na wengine waliwawinda watu wa vijiji. Jina walikuwa nalo. Wazee wa pwani walisema vema: muungwana ni kitendo.

Na neno letu bure lina hatari yake. Kitu cha bure ni kitu kisicholipwa, lakini kufanya kazi bure ni pia kufanya kazi isiyo na faida. Mwezi wa Septemba 2019 serikali ya Kongo ilianza kutimiza neno la Katiba ya mwaka 2006, kwamba shule za msingi za serikali ziwe bure. Wazazi walifurahi, na walikuwa na haki, kwani tangu miaka ya 1990 wao ndio waliokuwa wakichanga fedha za mwalimu. Watoto wakajaa darasani. Lakini walikuwako walimu ambao majina yao hayakuwa katika orodha ya mishahara. Mchango wa wazazi ulikatika, mshahara haukuja, na chaki walikuwa wameishika mkononi. Wao ndio waliolipa.

Mzazi aliye muungwana anaweza kuipokea shule hiyo kwa furaha, bila haya. Ila jioni, mtoto akirudi na daftari lake, ataulizia pia habari za mwalimu: leo amekula nini?