Karate, Kuinama na Hasira

Kila muhula, klabu za kampasi zinapotafuta wanachama wapya, ndugu huniuliza swali moja: je, Muislamu anaweza kujiunga na karate ilhali mwanafunzi hutakiwa kumwinamia mwalimu? Kwa kuwa nasomea masomo ya Kiislamu, wanadhani jibu nalo liko mfukoni.

La kuinama si gumu. Katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi kutoka kwa Anas, Mtume (s.a.w.) aliulizwa kama mtu amwinamie ndugu yake wanapokutana, akakataza, akaruhusu kupeana mikono. Kwa Wajapani kule kuinama ni salamu tu; hata hivyo mwambie mwalimu mapema, kwa adabu, kwamba wewe utasalimia kwa kuweka mkono kifuani. Akikataa kabisa, tafuta klabu nyingine.

Zito zaidi ni uso. Mtume (s.a.w.) ameamrisha tuepuke kuupiga, na mwaka 1987 Baraza la Fiqhi la Makka liliharamisha ndondi kwa sababu ya madhara yanayokusudiwa mwilini. Judo ya mashindano haina kupiga. Karate ya mashindano humwadhibu anayeumiza, lakini uso bado hulengwa. Basi uliza klabu yako inafundisha nini hasa, jina pekee halitoshi.

Lakini swali ambalo hatuulizani ni hili: nguvu hiyo nitaipeleka wapi?

Sisi wa West Nile hatuwezi kulipita haraka. Idi Amin, ambaye ukoo wa baba yake ni wa kwetu Koboko, alikuwa bingwa wa ndondi wa Uganda katika miaka ya 1950, kabla ya kutwaa nchi mwaka 1971. Sisemi ndondi ndizo zilizomfanya vile. Mabondia wapole wapo tele. Nasema ulingo peke yake haumfundishi mtu kuzuia mkono nje ya ulingo. Alipoangushwa mwaka 1979, kisasi kiliwashukia watu wetu. Juni 1981 askari waliwaua watu waliokimbilia misheni ya Ombaci, jirani na mji wa Arua. Kwa hiyo ndugu akiniambia anajifunza karate ili ailinde jamii, humuuliza ni mkanda wa rangi gani ungezizuia zile bunduki. Kwa kibaka wa gizani, sawa, ingawa hata hapo mbio zinafaa zaidi.

Sababu ninayoiamini mimi ni nyingine. Sote tunaijua hadithi kwamba mwenye nguvu ni anayeimiliki nafsi yake anapoghadhibika, si anayewabwaga watu. Wengine huitumia kuidharau mieleka, na hali imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) mwenyewe alishindana mieleka na Rukana akamwangusha (isnadi yake ina maneno). Mimi naiunganisha na hadithi ya Abu Daud, ambamo aliyeghadhibika akiwa amesimama anaamrishwa akae, na hasira isipomtoka alale. Dawa hiyo ni ya mwili. Hasira hukaa kwenye mabega na ngumi, na huko ndiko inakotibiwa.

Darasani tunasoma subira tukiwa tumekaa kitako na hakuna anayetugusa. Kwenye mkeka mwenzako anakupiga teke la paja, damu inachemka, mwalimu anasema acha, na unatakiwa uache papo hapo, ngumi ikiwa tayari hewani. Sijui mahali pengine kampasini ambapo hasira huitwa ije kisha ikaamrishwa ikae, mara ishirini kwa jioni moja.

Haya yanawahusu dada zetu pia. Nusaiba binti Kaab alimkinga Mtume (s.a.w.) kwa upanga siku ya Uhud. Wapewe saa yao na mwalimu wao wa kike, na jumuiya ichangie ada ikibidi.

Tatizo ni kwamba mkeka huohuo unaweza kuzaa jeuri. Kwa hiyo kabla ya kulipa, nenda ukae pembeni jioni mbili tatu. Ngoja mwanafunzi mpya amgonge mwenye mkanda mweusi puani kwa bahati mbaya, kisha tazama mkubwa huyo anaupeleka wapi mkono wake.