Kalamu za Januari

Hapa Etterbeek, Ubelgiji, Januari hung'ata masikio, na hata foleni ya chipsi pale Place Jourdan hupungua. Lakini wikiendi ya mwisho ya mwezi huo, watu wa kujitolea wa shirika la Action Damien hutoka mitaani kote nchini kuuza kalamu za rangi. Fedha huenda kwenye vita dhidi ya ukoma na kifua kikuu katika nchi kadhaa, zikiwamo Kongo na Burundi. Jina la shirika ni la Padri Damien, Mbelgiji aliyewahudumia wenye ukoma Molokai, huko Hawaii, akafa kwa ugonjwa huohuo mwaka 1889.

Namfikiria anayeongoza uchangishaji na mawasiliano katika kazi ya namna hii. Picha ya mkono usio na vidole hufungua pochi upesi. Ila picha hiyohiyo ikifika kijijini, humfundisha mtu kuficha baka la ukoma kwenye ngozi yake. Na baka ndiyo habari yenyewe! Likififia, likafa ganzi, nenda kituo cha afya. Ukoma hutibika, na tangu 1995 Shirika la Afya Duniani hutoa mseto wa dawa zake bure.

Mimi ningeweka picha ya bibi aliyepona, anamenya mihogo, anacheka. Mhasibu angenuna mwaka wa kwanza, najua. Lakini mtoto wa Etterbeek akiuliza kalamu hizi ni za nini, baba yake angekuwa na la kumweleza zaidi ya, "Ni za maskini wa Afrika."